Uzi: Daktari aliyewaamini askari waliowashwa na miguu isiyokuwepo, kisha akawanyang'anya wanawake kalamu

#1 Fundi Viungo

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kutengeneza miguu bandia na kuwafundisha watu kuitembelea. Wiki iliyopita kaja kijana wa bodaboda, mguu umekatwa juu ya goti, kidonda kimepona vizuri kabisa. Namuuliza anaendeleaje, akaangalia mlango kwanza, ndipo akaninong'oneza: "Kaka, kidole gumba cha mguu ule kinaniwasha." Mguu ule ambao haupo! Amekaa na jambo hilo miezi minne bila kumwambia mtu, hata mkewe, kwa sababu shangazi yake alishatangaza kwamba mguu haukuzikwa vizuri.

Nikamwambia, mdogo wangu, kuna daktari wa Philadelphia aliambiwa hayo hayo na askari zaidi ya miaka 150 iliyopita, na hakuwacheka. Kijana akasema basi nisimulie. Nikamsimulia nusu. Nusu ya pili ya maisha ya daktari yule si hadithi ya kumpa mgonjwa, ila hapa kijiweni nitaziweka zote mbili.

Jina lake Silas Weir Mitchell. Kazaliwa Philadelphia mwaka 1829, baba yake daktari. Alihitimu Jefferson Medical College mwaka 1850, akaenda Paris kusoma kwa Claude Bernard, aliyekuwa anaibadilisha tiba kuwa sayansi ya maabara. Aliporudi nyumbani akawa anatibu wagonjwa huku anachunguza sumu ya yule nyoka wa kwao mwenye kayamba mkiani, na mwaka 1860 akachapisha utafiti mzito juu yake. Kwa hiyo asije mtu akadhani namleta mganga wa maneno matupu. Huyu alikuwa mtu wa kupima na kuandika.

Naendelea nikitoka kula.

#2 Kahawa Chungu

Nimevuta kigoda mbele kabisa. Usije ukaukata uzi katikati kama ule wa meli, tuliota mizizi tukisubiri.

#3 Msomi wa Usiku

Philadelphia, miguu, nyoka. Tupo.

#4 Fundi Viungo

Nimerudi.

Mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Bunduki za vita ile zilitumia risasi aina ya Minié, kipande kinene cha madini laini kinachotanuka kikigonga. Kikipiga mfupa, hakiutoboi wala kuuvunja mara moja. Kinausambaratisha vipande vipande. Mpasuaji wa kambini alikuwa na dakika chache na msumeno. Jeshi la Muungano, yaani upande wa kaskazini, peke yake liliandikisha karibu watu 30,000 waliokatwa viungo.

Mitchell mwenyewe aliingia vitani akiwa na msiba. Mkewe alifariki mwaka 1862 kwa dondakoo, akamwachia watoto wawili wa kiume. Rafiki yake William Hammond, aliyekuwa mganga mkuu wa jeshi, akakubali jambo lililokuwa geni kabisa wakati ule: hospitali ya majeraha ya neva tu. Ikaishia kuwa Turner's Lane, pembezoni mwa Philadelphia, vitanda 400. Mitchell akaiongoza na wenzake wawili, George Morehouse na kijana mmoja aitwaye William Keen.

Mjue kilichokuwa mle ndani. Askari kapigwa risasi begani au pajani, tundu limeziba, daktari wa kawaida anaona kapona. Lakini kiganja chake kinawaka moto. Ngozi imekuwa nyekundu, inang'aa kama imepakwa vanishi. Hataki kuguswa. Ukifungua gazeti karibu yake, ile sauti ya karatasi inamuumiza. Mtu akitembea kwa kishindo wodini, inamuumiza. Bendi ya jeshi ikipita barabarani, inamuumiza. Walikuwa wanatembea na chupa ya maji na sifongo ili kiganja kisikauke hata dakika moja, na wengine walijimwagia maji ndani ya viatu, kwa sababu msuguano mkavu popote mwilini uliuchochea ule moto.

Mimi nimewahi kumwona mmoja tu wa aina hiyo katika miaka kumi na moja ya kazi. Alikuja amefunga mkono kwa khanga mbichi. Nilikuwa nimesoma habari za Turner's Lane wiki chache kabla, na nywele zilinisimama.

Mitchell aliyapa maumivu hayo jina, kausaljia, kutoka maneno ya Kigiriki ya joto na maumivu. Na dawa? Hapo hapakuwa na muujiza. Walichoma mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Kwa mwaka mmoja walichoma zaidi ya sindano 40,000 hospitali ile moja. Walitumia pia umeme kuamsha misuli iliyolala, walichua, walifunga vitambaa vya maji. Ila walichofanya kuliko wote waliowatangulia ni kuuliza na kuandika. Anaumwa wapi hasa, saa ngapi, kama nini, akifikiria nini. Walikesha usiku wakiandika. Kitabu chao cha mwaka 1864 juu ya risasi na majeraha ya neva kimejaa watu, siyo magonjwa tu: askari fulani, umri fulani, alipigwa akiwa ameinama hivi, aliangukia upande huu.

#5 Mama Nasra

Kaka Fundi, naomba nikukatishe. Mama yangu amekatwa mguu mwaka jana kwa ajili ya sukari. Hajawahi kusema habari za kuwashwa. Je, hilo ni la neva kweli au ni akili tu inamkataa mtu kuzoea?

#6 Fundi Viungo

Dada, swali lako ndilo walilobishana kwa miaka mingi. Pole sana kwa mama.

Mguu unapokatwa, neva zilizokuwa zinaushughulikia hazifi zote. Zimebaki kwenye kigutu, zimekatwa kama nyaya za umeme. Na ubongoni sehemu iliyokuwa ya mguu ule bado ipo, inasubiri taarifa. Ikipata chochote kutoka kwenye nyaya zile, inajua jibu moja tu: mguu. Kwa hiyo maumivu ni ya kweli kama jino lako likiuma. Mgonjwa hasingizii.

Mitchell alikuta karibu kila askari aliyekatwa kiungo anakihisi bado. Aliandika habari za mtu aliyekatwa mkono akapanda farasi, akanyoosha ule mkono usiokuwepo ashike hatamu huku mzima akimchapa farasi. Akaanguka, bila shaka. Wapo waliohisi kiganja kimefumba ngumi na kucha zinachoma nyama, na hawawezi kukifumbua, kwa sababu wafumbue nini?

Siku moja alipitisha umeme kwenye neva za bega la mtu aliyekuwa amekatwa mkono wote miaka miwili nyuma, na mkono wa kuhisi ulikuwa umeshamtoka. Ghafla yule mtu akapiga kelele, "Mkono, mkono!" Umerudi. Swichi ikizimwa, ukaondoka.

Sasa sikieni vituko. Mwaka 1866 lilitokea simulizi kwenye jarida la Atlantic Monthly, halina jina la mwandishi, linahusu askari George Dedlow aliyekatwa mikono yote miwili na miguu yote miwili. Ni Mitchell kalitunga. Wasomaji wakaamini ni mtu wa kweli, wakachanga pesa, wakapeleka hospitalini Philadelphia kumtafuta Dedlow! Mwisho wa simulizi Dedlow anapelekwa kwa watu wanaoita mizimu, na mizimu inayokuja ni miguu yake mwenyewe, inajitambulisha kwa namba za makumbusho ya jeshi yalikohifadhiwa mapande yake: 3486 na 3487. Anasimama juu ya miguu isiyoonekana, anatembea hatua chache akipepesuka. Anapepesuka kwa nini? Miguu ilikuwa imekaa ndani ya pombe miezi tisa.

Ndio ucheshi wa daktari. Lakini angalia alichokificha ndani ya utani ule: kwa miaka mitano baada ya hapo hakuiandika habari hiyo kwa jina lake. Mwaka 1871 ndipo alipojitokeza akakiita kiungo cha mzimu. Mtu wa maabara alihofia kuchekwa, kama kijana wangu wa bodaboda alivyoangalia mlango.

#7 Chalii wa Mlimani

Kwa hiyo kwa Kiswahili ni mguu wa mzuka?

#8 Kahawa Chungu

Mzuka huku kwetu ni mtu amepata posho. Muuite mguu wa kivuli.

#9 Fundi Viungo

Wagonjwa wangu wanauita "ule mwingine" tu. "Leo ule mwingine umelala."

Haya, nusu ya pili. Nitakuwa mrefu, atakayechoka apumzike, na neno lenyewe ndilo hilo hilo la kupumzika.

Vita viliisha 1865. Askari wakarudi makwao, na chumba cha kusubiri cha Mitchell kikajaa watu wengine: wanawake wa familia zenye uwezo. Wamekonda, hawalali, hawana damu, wanalia, wengine hawainuki kitandani. Wakati huo huo kulikuwa na neno jipya mjini, nyurasthenia, lililotangazwa na daktari George Beard mwaka 1869: kwamba neva zina akiba ya nguvu kama betri, na maisha ya reli, telegrafu na mashindano ya biashara yanaimaliza. Wamarekani wakaupenda ugonjwa huo. Ulimaanisha wewe ni mtu wa maendeleo.

Mitchell akaja na tiba yake. Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa jimbo la Maine, mwaka 1874, aliyekuwa amechoka hadi ameisha. Tiba hiyo aliieleza kwenye kitabu cha mwaka 1877, ambacho jina lake likitafsiriwa ni Mafuta na Damu. Hilo ndilo lengo: mtu anenepe, apate damu, neva zitafuata.

Inakwenda hivi. Mgonjwa anatengwa na nyumba yake, mume, watoto, mama, dada. Analazwa wiki sita hadi miezi miwili. Wiki nne au tano za mwanzo haruhusiwi kukaa, haruhusiwi kushona, kuandika wala kusoma, na chakula analishwa kwa kijiko na muuguzi. Anaanza na maziwa peke yake, kikombe kidogo kila baada ya saa mbili, yanaongezwa mpaka kufikia kama lita mbili kwa siku. Baadaye nyama, siagi, supu, dawa za madini ya chuma. Misuli isinyauke, basi kila siku anachuliwa mwili mzima, na kila siku umeme unapitishwa kwenye mikono na miguu ili misuli irukeruke yenyewe. Mazoezi bila mgonjwa kufanya mazoezi.

Mizani ilimpa haki. Watu walinenepa, rangi ikarudi, wengi wakaamka na kuondoka kwa miguu yao. Daktari William Playfair akaipeleka Uingereza, na ikaenea Ulaya.

Ila kuna sentensi moja kwenye maandishi yake ambayo mimi siisahau. Anasema mwanamke akiamriwa akae kitandani mwezi mzima, asisome, asiandike, asishone, na awe na muuguzi mmoja ambaye si ndugu yake, basi mapumziko yanageuka dawa chungu, na atafurahi daktari atakapomwamuru ainuke. Yaani uchungu haukuwa ajali. Aliupima kama anavyopima maziwa.

#10 Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Mwanangu, uliposema maziwa, supu, kuchuliwa na kutoinuka, nikasema huyu mzungu katuibia arobaini yetu. Mzazi huku akishajifungua hainuki. Anakandwa kwa maji moto, anafungwa tumbo, anakunywa uji wa pilipili manga mpaka jasho limtoke, anakula kuku. Hata kutia maji kwenye birika hatii. Siku arobaini.

Lakini sikiliza tofauti. Mimi nilipozaa mtoto wa kwanza chumba changu hakikupata nafasi ya kupumua. Mama, mashangazi, somo yangu, majirani, watoto wa watu. Mtu akitaka kulia analia na wenzake wawili wanalia naye, wa tatu anatia maneno ya upuuzi watu wacheke. "Muuguzi ambaye si ndugu yake", subhanallah. Umemlaza mzazi, umemnyima mdomo.

#11 Fundi Viungo

Shikamoo Bi Mkubwa. Umenitangulia kufika ninapokwenda.

Mwaka 1887 kaletwa Philadelphia mwanamke wa miaka 26, Charlotte Perkins, wakati ule akitumia jina la mumewe, Stetson. Alikuwa mwandishi na mchoraji. Mtoto wake wa kike alikuwa amezaliwa mwaka 1885, na tangu hapo mama hakuwa na raha. Anamshika mwanawe analia. Leo tungesema sonona ya uzazi. Kabla ya kuonana na daktari alikaa akamwandikia barua ndefu: historia yote ya ugonjwa wake, lini huja, lini hupungua. Aligundua kwamba akiwa safarini mbali na nyumbani hupata nafuu, na akirudi tu unamrudia. Taarifa ya dhahabu! Mimi mgonjwa akinipa kitu kama hicho namshukuru.

Yeye mwenyewe baadaye alisimulia kwamba daktari aliiona barua ile kuwa ni dalili ya kujiona. Akamwambia pia kwamba ameshawahi kupata wanawake wawili wa ukoo wake pale. Ukoo wenyewe ni wa Beecher, ukoo wa wahubiri na waandishi.

Rudini Turner's Lane kidogo. Askari anayesimulia kwa kirefu kinavyomuuma kiganja, Mitchell anakesha kumwandika. Mwanamke kaja na maandishi yake tayari mkononi, hayo maandishi yenyewe yanahesabiwa kuwa ugonjwa. Ni daktari yule yule! Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Alilazwa kama mwezi mmoja, akarudishwa kwa mumewe na maagizo: aishi maisha ya nyumbani kadiri awezavyo, awe na mtoto saa zote, alale saa nzima kila baada ya chakula, kazi ya akili isizidi saa mbili kwa siku, na asishike kalamu wala brashi maisha yake yote. Akayafuata kwa miezi kadhaa. Anaeleza kwamba alifika mahali akatengeneza mwanasesere wa matambara, akamtundika kwenye kitasa cha mlango akawa anacheza naye. Alikuwa anaingia kabatini na uvunguni kujificha. Mwandishi mzima.

Mwaka uliofuata akatengana na mume, akahamia California, akashika kalamu. Mwaka 1890 akaandika hadithi fupi ya mke wa daktari aliyefungiwa chumba cha juu apumzike, mpaka karatasi ya njano ya ukutani ikaanza kumwonyesha mwanamke anayetambaa ndani yake. Ilichapishwa Januari 1892, na humo kamtaja Mitchell kwa jina. Alimpelekea nakala. Hakujibiwa.

#12 Dokta Mstaafu

Kijana, unasimulia vizuri lakini unampendelea upande mmoja. Nakurekebisha mambo matatu.

Kwanza, askari hakuwaamini kama unavyopamba. Mwaka 1864 hao hao watatu, Mitchell, Morehouse na Keen, walichapisha makala juu ya wategaji, askari wanaojitia kupooza ili wasirudishwe mstari wa mbele. Waliwanusisha etha, dawa ya usingizi. Mtu akianza kuzinduka, kabla hajakumbuka kwamba "amepooza", mkono unajikuna wenyewe. Huyo anarudi kikosini. Kwa hiyo shaka ilikuwepo, tena yenye meno.

Pili, umlinganishe na wenzake wa siku zile. Mwaka 1872, huko huko Marekani, Robert Battey alianza kuwapasua wanawake na kuwatoa ovari zisizo na ugonjwa wowote wa kuonekana, na upasuaji huo ukaenea kama tiba ya neva na histeria. Waliokufa mezani walikuwa wengi. Mgonjwa aliyepewa maziwa na kitanda badala ya kisu alikuwa na bahati. Na wengi wa wale wanawake walikuwa na njaa hasa, wana upungufu wa damu, wamezaa mfululizo. Chakula na usingizi viliwaponya kweli.

Tatu, mwaka 1894 alialikwa kuhutubia wakuu wa hospitali za vichaa walipokuwa wanaadhimisha miaka 50 ya chama chao. Badala ya pongezi aliwachapa. Aliwaambia wamejitenga na tiba nyingine, hawafanyi utafiti, wagonjwa wao wamekaa tu wamesinzia. Mtu wa kuwanyamazisha wagonjwa hasemi hivyo.

#13 Fundi Viungo

Shikamoo Dokta. La etha nalikubali, nilikuwa nalijua nikalipita kwa sababu linaniharibia hadithi. Nimeumbuka.

La Battey pia haki yako, na kabla hujaligusa sikulifikiria. Mtu aliyefundisha kwamba neva zinatibiwa kwa chakula aliyaokoa matumbo mengi yasipasuliwe kwa kisu.

La tatu ndilo sikubali lote. Kuwasema wakuu wa hospitali kwamba wagonjwa wamekaa wamesinzia, huku wewe umemlaza mwanamke wiki sita bila kumpa hata sindano ya kushonea, hapo mimi nacheka. Na kuna jambo hujaligusa, Dokta: wanaume wenye neva zile zile aliwatibu vipi?

Mwaka 1885 alimshauri jamaa yake Owen Wister, kijana aliyeharibikiwa na afya akifanya kazi ya benki Boston, aende Wyoming. Apande farasi, alale nje, awinde, achunge ng'ombe. Wister akarudi mzima, na kutokana na shajara zake za safari hizo akaja kuandika riwaya ya wachunga ng'ombe iliyompa jina duniani mwaka 1902. Walt Whitman, mshairi mzee aliyepooza upande, alipompima mwaka 1878 alimhimiza hewa ya nje. Mitchell mwenyewe neva zilimshinda zaidi ya mara moja. Je, alijilaza akalishwa kwa kijiko? Alisafiri, akavua samaki, akaandika. Aliandika riwaya na mashairi mpaka uzeeni! Kwake yeye kalamu ilikuwa dawa.

Barua ya Charlotte ilikuwa imeshamwambia kwamba safari zinamponya. Tiba sahihi ilikuwa tayari kwenye shubaka lake, ila aliiweka kwenye shubaka la wanaume.

#14 Dokta Mstaafu

Hapo umenibana. Nakunywa chai.

#15 Mwana wa Eldoret

Niaje wadau. Hii neno nyurasthenia nimewahi kukutana nayo kwa historia ya ukoloni hapa Kenya. Wazungu wa serikali na masetla walikuwa na aina yao, nyurasthenia ya tropiki. Mzungu akianza kusahau, kugombana ofisini, kunywa kupita kiasi, kulia usiku, madaktari wanasema ni jua la ikweta na mwinuko wa nyanda za juu vinachoma neva. Ndiyo maana zile helmeti nene na hata vitambaa vya kufunika uti wa mgongo. Afisa alirudishwa kwao apumzike, tena kwa heshima zote.

Kile kinaniuma ni kwamba neva zilikuwa za mzungu peke yake. Yule aliyekuwa anabeba mizigo ya huyo afisa chini ya jua lile lile, bila helmeti, akilalamika amechoka anaandikwa mvivu.

#16 Fundi Viungo

Ndugu wa Eldoret, hiyo ni uzi wake. Uanzishe, nitakuja na kigoda.

#17 Msomi wa Usiku

Na Freud, yule daktari wa Vienna wa kuwatibu watu kwa kuwasikiliza wakiongea, anaingia wapi? Maana kila habari ya neva lazima apite.

#18 Fundi Viungo

Anapita kwa haraka. Mwaka 1887, mwaka ule ule wa Charlotte, Freud aliandika mapitio ya kile kitabu cha Mafuta na Damu kilipotoka kwa Kijerumani, na alikisifu. Akawa anawalaza wagonjwa wake kwa mtindo wa Mitchell, ila akaongeza kitu: wakishalala, waongee. Kwenye kitabu alichotoa na daktari mwenzake Josef Breuer mwaka 1895 anasema mchanganyiko huo unamfaa. Baadaye maziwa na kuchua vikaachwa, kochi likabaki. Bi Mkubwa wa Ng'ambo ataniambia na hilo mashangazi walikuwa nalo.

#19 Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Tena bila kulipisha.

#20 Kahawa Chungu

Fundi, na yule kijana wa bodaboda uliishia kumpa nini? Maana mofini huna.

#21 Fundi Viungo

Kioo. Kile cha kabati cha kawaida, urefu wa mguu. Anakaa chini, kioo kinasimama katikati ya mapaja, mguu mzima upande mmoja. Akitazama kiooni anaona miguu miwili. Anakunja vidole vya mguu mzima taratibu, ubongo unaona "ule mwingine" nao unakunja. Mtindo huo aliuanzisha mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran miaka ya 1990. Haumsaidii kila mtu, na kwa wengine inachukua wiki kadhaa kabla hawajaona tofauti. Huyu kijana siku ya kwanza alikikuna kidole gumba cha mguu mzima huku anatazama kioo, akatoa pumzi kama mtu aliyetua gunia. Kisha akaomba nimwite mkewe aliyekuwa kwenye benchi la nje, aje aone.

#22 Mama Nasra

Kaka Fundi, nimerudi. Jana usiku nilikaa kitandani kwa mama nikamuuliza moja kwa moja, kama ulivyosema askari walivyokuwa wanaulizwa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema unyayo unamuuma karibu kila usiku, tangu alipotoka hospitali. Nikamuuliza mbona hukusema? Akasema, "Mngenipeleka kwa nani?"

#23 Fundi Viungo

Dada, mlete. Nakutumia namba kwa ujumbe wa siri, na kioo kipo, msinunue. Kabla hamjaja muulize haya: ni kisigino au vidole? Kinachoma, kinabana au kinawasha? Kinaanza saa ngapi? Chukua daftari, andika kwa maneno yake yeye, usinifupishie.